Nguruwe na kabichi chachu kwa sufuria moja: dalili, sababu na namna ya kuokoa chakula

Nyama ya nguruwe na Sauerkraut, yaani kabichi iliyokatwa nyembamba ikachachushwa kwa chumvi, ni chakula cha Kijerumani kinachoonekana rahisi kuliko hata wali wa nazi. Sufuria moja, moto mdogo, mfuniko, basi. Wengi wetu tunaoishi Ujerumani hukijaribu baridi ya kwanza ikiingia, na wengi hukiacha palepale: viazi vimegoma kuiva, nyama imekuwa nyuzi kavu, uchachu unakunja uso. Ni hasara, kwa sababu kikipikwa sawasawa ni chakula kitamu sana na cha gharama ndogo. Kosa kubwa ni kudhani kwamba sufuria moja maana yake ni kutia kila kitu kwa wakati mmoja.

Mambo mawili ndiyo yanayotawala sufuria hii. La kwanza ni asidi ya kabichi, ambayo haikai kwenye kabichi peke yake bali inagusa viazi, vitunguu, hata chuma cha sufuria. La pili ni sehemu ya nguruwe uliyonunua. Kwa hiyo, kabla ya kuhangaika na dalili yoyote, jiulize: kabichi yangu ilikuwa mbichi au ilishapikwa kiwandani? Nyama yangu ni ya bega na shingo, au ni ya mgongo? Ukishajibu, nusu ya tatizo umeshaliona.

Ili tuelewane, nachukua mlo wa watu wanne: gramu 800 za nyama ya bega iliyokatwa vipande vikubwa, gramu 750 za kabichi chachu, vitunguu maji viwili, tufaha moja, kijiko kikubwa cha mafuta ya nguruwe, jani moja kavu la Lorbeer (bay leaf), punje tano au sita za Wacholderbeeren (zile nyeusi zinazoipa pombe ya jini harufu yake), nusu kijiko cha chai cha Kümmel (kisibiti), na kama mililita 200 za supu, juisi ya tufaha au mvinyo mweupe. Nyama hukaangwa kwanza hadi ipate rangi, ikatolewa. Vitunguu hufuata hadi vilainike kabisa. Halafu nyama inarudi na viungo na kioevu, na kabichi huingia kwa zamu yake.

Viazi havilainiki

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia kuliko yote. Viazi vimetokota ndani ya kabichi saa nzima, lakini uma unaingia kwa shida na kiazi kinakatika kama tufaha bichi. Watu hulaumu aina ya viazi, wengine hulaumu jiko. Sababu ni asidi. Seli za kiazi zimegandamana kwa pektini, gundi yake ya asili, na katika maji ya kawaida joto huivunja pektini hiyo ndipo kiazi kikalainika. Kwenye kioevu chenye uchachu wa kiasi cha Sauerkraut, pektini huvunjika polepole mno. Kiazi kinapata joto lote kinalohitaji na bado kinashikilia umbo lake. Mpishi yeyote aliyewahi kutia nyanya kwenye maharage kabla hayajaiva anaijua tabia hii.

Usiongeze moto, utaunguza chini tu. Chopoa viazi, vioshe, vichemshe peke yake kwenye maji yenye chumvi kidogo. Vitalainika, ingawa vitachukua muda kuliko viazi ambavyo havijaonja asidi.

Safari nyingine chemsha viazi pembeni tangu mwanzo, na hivyo ndivyo majumbani mwa Wajerumani wanavyofanya mara nyingi: viazi vya kuchemsha au vya kuponda huandaliwa kando na kukutana na kabichi kwenye sahani. Kama umeshikilia kwamba lazima iwe sufuria moja, chemsha viazi kwanza hadi uma uingie bila ubishi, vitoe, kisha virudishe juu ya kabichi dakika kumi za mwisho. Hapo vitanyonya ladha bila kugoma. Kitunguu kinafuata kanuni ileile: kilainike kwenye mafuta kabla ya kabichi kuingia, la sivyo utakitafuna kikiwa kinaliza meno hadi mwisho.

Kuna kiazi kimoja tu kinachoingia kibichi kwa haki, nacho ni kile kidogo kinachokunwa kwa kikuno chembamba na kukorogwa ndani ya kabichi dakika kumi na tano za mwisho. Kazi yake ni kutoa wanga wa kushika maji, na kwa sababu kimekunwa laini hakuna atakayekiona.

Nyama ngumu

Hapa pana shida mbili zinazofanana mdomoni lakini dawa zake zinapingana, kwa hiyo tazama vizuri kabla ya kugusa moto.

Kama nyama inachanika kwa urahisi lakini ni kavu, nyuzi zake zimeachana na unahitaji maji kuimeza, imepikwa kupita kiasi. Karibu kila mara ni nyama ya mgongo: chopsi, vipande vya Schnitzel, Filet, au Kassler (nyama ya chumvi na moshi) ya mgongo. Sehemu hizi hazina mafuta mengi wala tishu za kuunganisha misuli. Joto la ndani likivuka nyuzi 70 za Selsiasi, maji yanakamuliwa nje na hayarudi. Huwezi kuifufua. Unachoweza ni kuikata nyembamba kukingama na nyuzi, kuilaza ndani ya kabichi moto ukiwa umezimwa, na kuongeza kijiko cha mafuta au krimu.

Kama nyama inarudisha meno, inanepa kama mpira na haichaniki hata kwa uma, haijaiva vya kutosha. Hiyo ni bega, shingo, mbavu au kongoro. Ndani yake mna kolajeni, ile tishu ngumu inayounganisha misuli, na kolajeni inahitaji joto la nyuzi 80 na zaidi, kwa muda mrefu, ndipo igeuke ute laini. Mpishi mwenye haraka akiona ugumu huu husema nyama imeharibika, akaitoa, na kumbe ilibakiza nusu saa tu kuwa tamu. Funika, punguza moto, acha. Vipande vya ukubwa wa sentimita nne huhitaji saa moja na nusu hadi mbili kwa jumla.

Ndiyo maana napendekeza bega au shingo kwa mtu anayeanza. Shingo, ambayo buchani huitwa Schweinenacken, ina mafuta yaliyopenya katikati ya misuli, na inasamehe. Nyama ya mgongo haikupi nafasi ya pili.

Kassler inastahili maneno yake. Ni nyama ya mgongo au shingo iliyolowekwa kwenye maji ya chumvi ya kuhifadhia na kufukizwa moshi kidogo, na mara nyingi inauzwa ikiwa imeshaiva. Paketi itakuambia kama ni gegart (imeshaiva) au roh (mbichi). Iliyoiva haihitaji kupikwa bali kupashwa moto. Pika kabichi hadi ikaribie kuwa tayari, kisha laza vipande juu yake, funika, dakika kumi na tano hadi ishirini kwa moto mdogo sana. Anayeiweka Kassler ya mgongo mwanzoni na kuichemsha saa moja atakula ubao.

Nyama ni ya waridi hata baada ya kuiva

Umepika, umesubiri, umekata, na ndani bado ni waridi. Kama ni Kassler, bekoni au Eisbein (kongoro lililotiwa chumvi), usiogope. Chumvi iliyotumika kuihifadhi ina nitriti, na nitriti ikishikana na rangi asilia ya misuli hubaki waridi hata ukiichemsha kutwa nzima.

Kwa nyama mbichi ya kawaida, acha kuhukumu kwa rangi na tumia kipimajoto. Wizara ya kilimo ya Marekani inakubali nyuzi 63 katikati ya kipande kizima, kisha dakika tatu za kupumzika. Kwa nyama ya kusaga na soseji mbichi ni nyuzi 71. Ujerumani nguruwe hupimwa minyoo ya trikinela kabla ya kuuzwa. Lakini kama unapika Arusha, Mbeya, Kampala au Kakamega, mimi nakuomba usibahatishe na kiwango cha chini. Tegu wa nguruwe ni tatizo la kweli katika ukanda wetu. Nunua nyama yenye muhuri wa mkaguzi, kataa yenye viuvimbe vyeupe vya ukubwa wa punje ya mchele au zaidi, na ipike hadi ipite nyuzi 71 kila mahali. Bega lililotokota saa moja na nusu limeshapita hapo kitambo.

Uchachu umezidi

Sababu ya kwanza: hukuonja kabichi kabla ya kupika. Onja kila mara, mbichi, kwa kidole. Sauerkraut ya pipa inayouzwa sokoni ina uchachu tofauti sana na ya kopo iliyoandikwa mild, yaani isiyo kali. Kama inakubana kwenye mataya, isuuze mara moja kwa maji baridi na uikamue kwa mikono. Mara moja inatosha. Ukiiosha mara tatu umemwaga ladha yote na utabaki na majani ya chumvi.

Sababu ya pili: umeongeza uchachu juu ya uchachu. Mvinyo mkavu, tufaha la kijani lenye ukali, na kabichi ambayo tayari ni Weinsauerkraut (yenye mvinyo), vyote kwa pamoja. Chagua kimoja. Kama kabichi ni kali, tumia juisi ya tufaha au supu badala ya mvinyo.

Ikiwa chakula kiko jikoni tayari na kinachoma ulimi, dawa ni utamu na mafuta. Kuna tufaha tamu lililokunwa, kuna vitunguu vingine viwili vilivyokaangwa taratibu hadi vikawa vya dhahabu, na kuna kijiko kimoja cha sukari au asali. Mafuta nayo hufunika ulimi, kwa hiyo nyama isiyo na mafuta huifanya kabichi ionekane chachu zaidi kuliko ilivyo. Magadi au hamira ya baking usiguse: ni kweli vinaua asidi, lakini vinaiponda kabichi na kuacha ladha ya sabuni.

Tofautisha pia uchachu na ukali wa siki. Kama ladha inapanda puani na kukohoza, huenda ulichonunua si kabichi iliyochachushwa bali kabichi iliyotiwa siki. Soma orodha ya viambato: kabichi nyeupe na chumvi, pengine mvinyo, pengine vitamini C. Ukiona Essig, yaani siki, hiyo ni saladi.

Chumvi imezidi

Piga hesabu ya chumvi ambayo hukuitia wewe. Kabichi huchachushwa kwa takriban gramu 20 za chumvi kwa kilo. Kassler ina chumvi. Bekoni ina chumvi. Kidonge cha supu sehemu yake kubwa ni chumvi. Sufuria ya namna hii haihitaji hata chembe hadi dakika tano za mwisho, baada ya kuonja, na mara nyingi haihitaji kabisa. Ikishazidi, ongeza kabichi mbichi ya kawaida iliyokatwa nyembamba na kuchemshwa pembeni, au ule chakula hicho na viazi vilivyopondwa bila chumvi. Ile imani ya kutumbukiza kiazi kizima ili kinyonye chumvi haifanyi kazi: kiazi hunyonya maji yenye chumvi, hakichagui chumvi peke yake.

Ladha ya chuma, na kabichi imekuwa ya kijivu

Hii inawahusu zaidi walio nyumbani Afrika Mashariki, maana sufuria zetu nyingi ni za alumini isiyopakwa kitu. Asidi na chumvi kwa pamoja hula alumini. Utaona kabichi imefifia, ulimi unapata ladha kama ya sarafu, na sufuria yenyewe imeng'aa pale ilipoguswa na chakula. Taasisi ya Ujerumani ya kutathmini hatari katika vyakula, BfR, imeonya waziwazi dhidi ya kuandaa na kuhifadhi vyakula vya asidi na chumvi kwenye alumini tupu. Tumia sufuria ya steli, ya enameli isiyobanduka, au chungu cha udongo. Kikaango cha chuma cha kusubu kisichopakwa enameli kinafaa kukaangia nyama, lakini kabichi isitokote humo saa nzima. Itageuka nyeusi na kukwangua ile ngozi ya mafuta uliyoijenga kwa muda mrefu.

Kinanukia pilau

Umetia bizari nyembamba. Kümmel ya Wajerumani ni kisibiti, mbegu iliyopinda yenye harufu ya baridi kidogo. Bizari nyembamba yetu katika maduka ya Ujerumani huitwa Kreuzkümmel, na maduka mengi huzipanga rafu moja. Zinafanana kwa macho, hazifanani sufuriani. Hakuna namna ya kuitoa. Kama huna kisibiti, usiweke mbadala; tufaha, Lorbeer na pilipili manga zinatosha. Na matunda ya mtarakwa wetu, ingawa ni ndugu wa mti wa Wacholder, uyaache mtini.

Maji mengi, nyama imepauka

Nyama iliingia ikiwa imelowa, au ulijaza vipande hadi vikabanana, vikajichemsha kwa maji yao. Ikaushe kwa kitambaa, kaanga kwa mafungu mawili, usiigeuze hadi iachie chini yenyewe. Ile rangi ya kahawia iliyoganda chini ya sufuria ndiyo itakayoipa kabichi ladha ya nyama. Mimina kioevu, ikwangue kwa mwiko, usiioshe. Rangi hiyo haiwezi kupatikana tena kabichi ikishaingia.

Maji yakibaki mengi mwishoni, ondoa mfuniko dakika kumi, au tumia kile kiazi kilichokunwa. Ikiwa kinyume chake chini panaungua, moto ni mkubwa au sufuria ni nyembamba. Usikwangue palipoungua; hamishia sehemu ya juu kwenye sufuria nyingine.

Kabichi imekuwa uji, au bado inaliza meno

Kabichi mbichi ya pipa huhitaji dakika 45 hadi saa moja. Ya kopo, ya chupa na nyingi za pakiti zimeshapata moto kiwandani, dakika 20 hadi 30 zinatosha. Maana yake, kama unapika bega la saa moja na nusu, kabichi ya kopo inaingia nusu saa ya mwisho, si mwanzoni. Wajerumani wenyewe hawakubaliani ulaini uwe kiasi gani, kwa hiyo fuata mdomo wako. Mimi naipenda ikiwa bado ina uhai kidogo.

Asiyekula nguruwe anaweza kufuata kanuni hizi zote kwa paja la bata mzinga lililofukizwa moshi. Asome kopo lakini: baadhi ya Sauerkraut zilizopikwa huwa na Speck (bekoni) au mafuta ya nguruwe, na Weinsauerkraut ina mvinyo.

Kabichi uliyochachusha mwenyewe

Afrika Mashariki kabichi hii hupatikana maduka machache ya mijini kwa bei isiyo na huruma, na kuitengeneza ni rahisi: kilo moja ya kabichi, gramu 20 za chumvi, kanda kwa mikono hadi itoe maji, shindilia kwenye chupa, hakikisha maji yameifunika. Kinachoiharibu ni joto. Bakteria wa kazi hii hupenda nyuzi 18 hadi 22, na wakipata utulivu huo wiki tatu hadi sita, kabichi hutoka imara na yenye ladha nyingi. Dar es Salaam au Mombasa, kwenye nyuzi 30, itachacha kwa siku chache, ikalainika mapema na kubaki na uchachu mtupu. Ionje kuanzia siku ya nne na uipeleke kwenye friji inapokupendeza. Aliye Lushoto, Njombe au Limuru ana kabichi nzuri mlangoni na baridi ya bure. Lushoto yenyewe ilikuwa Wilhelmsthal enzi za Wajerumani, nao walipapendea baridi hiyohiyo.

Utando mweupe, mwembamba, uliotandaa juu ya maji ni hamira za mwituni: uondoe, futa mdomo wa chupa, endelea. Ukungu wenye manyoya, au wenye rangi ya kijani, nyeusi au waridi, ni wa kutupa pamoja na kabichi yote. Utelezi unaovutika kama bamia katika siku za mwanzo mara nyingine hupita wenyewe. Ukibaki na harufu ikawa mbaya, tupa.

Kesho yake kabichi ni tamu zaidi, nyama ni kavu zaidi

Hii hutokea kwa sababu vyote viwili vimepashwa moto kwa muda mmoja. Hamisha mabaki kwenye chombo cha kioo yakishapoa, yaweke friji ndani ya saa mbili. Siku ya pili pasha kabichi peke yake na kijiko cha mafuta na maji kidogo hadi itokote, kata nyama vipande vyembamba, ichanganye mwishoni na uache hadi vipande vyenyewe vitoe mvuke. Ikiwa ni bega, hapo mwisho unaweza kutia kijiko cha paprika na krimu chachu nje ya moto. Ukiitia krimu ikiwa inatokota, itakatika vipandevipande kwenye asidi ile.